Kani ndani ya jicho: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu retina na upasuaji wake, kwa wagonjwa wa Moshi na Arusha

Maswali haya yanatoka kwa wagonjwa wa Moshi, Arusha na vijiji vya mlimani, kwa ndugu wanaowasindikiza kliniki, na kwa wanafunzi wa uuguzi na uhandisi wanaoshangaa kwa nini upasuaji wa retina una masharti mengi kuliko ule wa mtoto wa jicho. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: ndani ya jicho kuna vitu vinavyovuta na vitu vinavyoshika, na retina iko katikati yake. Mgonjwa anayejua kinachovuta, kinavuta wapi na kwa nguvu gani, huyashika masharti ya daktari hata usiku wa manane akiwa peke yake amelala kifudifudi. Ndiyo maana baadhi ya majibu ni marefu.

Kama leo umeanza kuona vimulimuli, madoa mengi meusi yanayoelea, au kivuli kinachoziba sehemu ya jicho moja, usimalize kusoma. Nenda leo hii kwenye hospitali yenye kitengo cha macho. Maelezo haya hayachukui nafasi ya kupimwa.

Retina ni nini, na ina uimara gani?

Ni utando uliotandazwa ndani ya jicho upande wa nyuma. Hupokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa inayosafiri kwenda kwenye ubongo kupitia neva ya jicho. Unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 0.1 na 0.3, na mahali pembamba kabisa ni katikati ya makula, yaani sehemu ile ile tunayoitumia kusoma na kutambua sura za watu.

Ukitaka kujua tabia yake, kumbuka utando unaotanda juu ya maziwa yaliyochemshwa yakianza kupoa. Ukiusogeza taratibu unasogea wote. Ukiushika kwa ncha mahali pamoja na kuvuta, unatoboka.

Wahandisi hupima ukakamavu wa kitu kwa paskali. Ukuta mweupe wa nje wa jicho hupimwa kwa mamilioni ya paskali. Retina ni maelfu hadi makumi ya maelfu. Ute uliojaa katikati ya jicho ni paskali chache hadi makumi tu. Fikiri juu ya hilo: ndani ya mpira wenye urefu wa takriban milimita 24 kuna vitu vinavyokaa pamoja huku ukakamavu wake ukitofautiana mara laki moja na zaidi. Kila jicho linapogeuka, vitu hivyo havisogei kwa pamoja, na retina ndiyo inayobeba tofauti hiyo.

Kama ni laini hivyo, mbona haibanduki tunapopiga chafya au kuruka kwenye daladala?

Kwa sababu kinachoishika ni kazi inayofanywa na seli hai, saa zote. Retina imeshikamana kwa uthabiti mahali pawili: kuizunguka neva ya jicho, na kwenye ukingo wake wa mbele. Kwingine kote imeegemea tu safu ya seli zenye rangi nyeusi zilizo nyuma yake. Seli hizo hunyonya maji kutoka chini ya retina na kuyasukuma nje mfululizo. Vinyweleo vyake vidogo hukumbatia ncha za seli zinazopokea mwanga, na katikati kuna ute mwembamba wenye mnato. Juu ya hayo yote, presha ya ndani ya jicho, ambayo kwa watu wengi ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, husaidia kuikandamiza retina ikae mahali pake.

Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba damu ikisimama, mshiko huo huanza kulegea ndani ya dakika chache tu. Kwa hiyo jicho lenye damu nzuri na seli zenye afya lina retina iliyoshika vizuri, hata mtu akipiga chafya kwa nguvu namna gani.

Ute wa jicho una kazi gani hasa?

Unajaza takriban mililita 4, na asilimia 98 au 99 yake ni maji. Kinachobaki ni nyuzi nyembamba za kolajeni na asidi ya hayaluroniki inayozitenganisha nyuzi hizo zisigandane. Mchanganyiko huo hufanya ute uwe na tabia mbili kwa wakati mmoja: hutiririka na hunyumbuka. Jicho likigeuka ghafla, ute mzima wa kijana hufuata na kutulia, ukimeza mtikisiko kabla haujaifikia retina.

Umri ukienda, asidi ile na nyuzi huachana. Sehemu moja inakuwa maji matupu, nyingine inakuwa nyuzi zilizokusanyika. Nyuzi hizo ndizo madoa yanayoelea ambayo wazee wengi huyaona wakitazama ukuta mweupe au anga. Baadaye, mara nyingi kati ya miaka 50 na 70, ute wote hujitenga na retina na kusogea mbele. Kwa watu wengi sana tukio hili hupita salama. Tatizo huja pale ute uliposhika kwa nguvu kuliko kawaida: kwenye ukingo wa mbele, kandokando ya mishipa ya damu, kwenye makula. Hapo ute ukiondoka huweza kuondoka na kipande cha retina.

Kwa nini naona vimulimuli nikiwa gizani, na kwa nini haviumi?

Retina haina neva za maumivu. Ikivutwa, taarifa pekee inayoweza kuitoa ni ya mwanga. Mvuto wa ute kwenye ukingo wa retina husisimua seli, na ubongo unapokea mmweko ambao haupo nje. Huonekana zaidi gizani, na zaidi pale unapogeuza jicho haraka, kwa sababu ndipo ute unapoyumba.

Kukosekana kwa maumivu ndiko kunakowaponza watu wengi. Jicho jekundu linalouma humpeleka mtu hospitali siku hiyo hiyo. Jicho jeupe lisilouma, lenye kivuli upande mmoja, husubiri mahindi yavunwe kwanza.

Retina ikichanika inabandukaje?

Maji ya ute uliolainika hupenya kwenye mchaniko na kuingia nyuma ya retina. Seli nyeusi hujitahidi kuyanyonya, lakini yakiingia kwa kasi kuliko zinavyoyatoa, retina huinuka. Kila jicho linapogeuka maji yale hubandua zaidi. Mchaniko ukiwa sehemu ya juu ya jicho, uzito wa maji huyateremsha kuelekea makula, hivyo hali huharibika haraka zaidi kuliko mchaniko ukiwa chini.

Swali la kwanza la daktari litakuwa kama makula imebanduka au bado. Kama bado, upasuaji hufanywa haraka iwezekanavyo, hata siku hiyo au inayofuata, kwa sababu uwezo wa kusoma bado unaokoleka wote. Kama imeshabanduka, kila siku inayopita inapunguza kiasi cha kuona kitakachorudi. Sehemu ya retina iliyobanduka haipati oksijeni na chakula cha kutosha kutoka kwenye mishipa ya nyuma, na seli zake huanza kufa.

Kuna kubanduka kwa namna mbili nyingine. Moja ni retina kuvutwa na makovu bila kuchanika, tutaieleza kwenye kisukari. Nyingine ni maji kuvuja nyuma ya retina kutokana na uvimbe au ugonjwa wa mishipa, bila mchaniko wala mvuto. Hiyo hutibiwa kwa kutibu chanzo chake.

Navaa miwani minene ya kuonea mbali tangu shule. Nina hatari zaidi?

Ndiyo. Jicho la aina hiyo ni refu kuliko kawaida. Ukuta wake umetanuka na kuwa mwembamba, na retina imetandazwa kwenye eneo kubwa kuliko iliyoumbiwa, kwa hiyo pembeni huwa na sehemu dhaifu. Ute nao hulainika mapema. Omba upimwe kwa matone ya kutanua mboni, si miwani peke yake.

Mama yangu ana kisukari. Tumeambiwa retina "inavutwa". Inavutwa na nini?

Inavutwa na makovu yaliyoota juu yake, na hapa inafaa tueleze kwa utaratibu kwa sababu ugonjwa huu unazidi kuwa wa kawaida kwenye familia zetu.

Sukari ikikaa juu kwa miaka, hufanya mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, hujifunga kwenye nyuzi za kolajeni na kuziunganisha moja kwa nyingine, hivyo ute hukakamaa mahali fulani na kuwa majimaji mahali pengine mapema kuliko umri wake. La pili, huziba mishipa midogo ya damu ya retina. Retina yenye njaa ya oksijeni hutoa kemikali ya kuita mishipa mipya. Mishipa hiyo huota kutoka kwenye retina na kutambaa juu ya uso wa nyuma wa ute, ikisindikizwa na seli za kovu.

Sasa tazama kinachotokea kimakanika. Ute unataka kujitenga na retina, lakini mishipa na makovu vimeufunga. Hauwezi kuondoka wala kubaki vizuri. Unavuta pale pale ulipofungwa, siku baada ya siku. Mshipa mmoja ukikatika, damu hujaa ndani ya jicho na mama anasema ameona moshi au utando mwekundu. Makovu yakisinyaa, hunyanyua retina polepole bila vimulimuli vyovyote. Mtu anaweza kupoteza nusu ya uwezo wa jicho moja asijue mpaka siku atakayofumba lile jingine.

Matibabu ya leza pembeni mwa retina hupunguza mahitaji ya oksijeni na kuifanya mishipa mipya inywee. Upasuaji huja pale mvuto unapofikia au kutishia makula, au damu isipoondoka yenyewe. Daktari hukata nyuzi za ute na kuachanisha makovu na retina kipande kwa kipande. Ni miongoni mwa upasuaji mgumu kabisa wa jicho, kwa sababu kovu ni gumu kuliko retina iliyo chini yake.

Alichomwa sindano ndani ya jicho, na tukaambiwa tusikose tarehe ya upasuaji. Kwa nini?

Sindano za kuzuia mishipa mipya, kama bevasizumabu, huikausha mishipa haraka. Ni msaada mkubwa kwa daktari kwa sababu damu haitamwagika sana wakati wa upasuaji. Lakini mishipa inapokauka, kovu lililoizunguka husinyaa, na kwenye macho yenye makovu mengi mvuto unaweza kuongezeka ndani ya siku chache hadi wiki mbili hivi. Kwa hiyo sindano ya namna hiyo hupangwa siku chache kabla ya upasuaji. Mkiahirisha kwa sababu ya msiba au nauli, pigeni simu hospitali kabla, msisubiri tarehe nyingine kimya kimya. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu linaweza kuzuilika kabisa.

Nimeambiwa nina tundu kwenye makula. Tundu litazibwaje bila kushonwa?

Kwa kuondoa kinacholivuta. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, madaktari wengi waliamini tundu la makula halina tiba. Mwaka 1991 Neil Kelly na Robert Wendel wa Marekani walitoa taarifa ya macho 52 waliyoyafanyia upasuaji wa kuondoa ute na kuweka gesi, na matundu yalifunga kwenye asilimia 58 ya macho hayo. Baadaye madaktari wakaongeza hatua moja: kubandua utando wa ndani kabisa wa retina kulizunguka tundu.

Utando huo una unene wa mikroni chache tu, yaani sehemu chache tu za milimita iliyogawanywa mara elfu, lakini ndio unaobeba sehemu kubwa ya ukakamavu wa retina. Vipimo vya darubini inayogusa kwa ncha ndogo sana vimeonyesha kwamba hata pande zake mbili hazilingani: upande unaogusa retina ni mkakamavu mara kadhaa kuliko ule unaogusa ute. Ukiondolewa, retina iliyobaki inakuwa laini zaidi na kingo za tundu zinaweza kusogeleana. Daktari huupaka rangi ya buluu kwanza, kwa sababu bila rangi hauonekani. Kwa matundu madogo yasiyokaa muda mrefu, zaidi ya 9 kati ya 10 hufunga siku hizi.

Upasuaji wenyewe unafanywaje?

Kuna njia mbili kubwa, na wakati mwingine hutumika zote.

Njia ya kwanza ni ya nje. Mkanda au kipande cha silikoni hushonwa juu ya ukuta mweupe ili kuusukuma ndani, ukuta uifuate retina pale ilipochanika. Ernst Custodis wa Ujerumani aliianzisha mwaka 1949, na Charles Schepens akaiendeleza Marekani. Msingi wake ulikuwa kazi ya Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameonyesha kwamba ni mchaniko unaosababisha kubanduka, na kwamba ukiuziba retina hurudi. Njia hii bado ni nzuri sana kwa vijana ambao ute wao haujalainika.

Njia ya pili ni ya ndani. Robert Machemer alifanya upasuaji wa kwanza wa kuondoa ute kwa kupitia ukuta mweupe huko Miami mwaka 1970. Leo daktari hutoboa matundu matatu, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi ya jicho. Tundu moja hupitisha maji ya kulinda presha, la pili taa, la tatu kisu kinachokata na kunyonya. Vifaa vya siku hizi vina kipenyo cha milimita 0.4 hadi 0.6, na mara nyingi matundu hujifunga yenyewe bila uzi. Kisu hukata maelfu ya mara kwa dakika. Kasi hiyo ina sababu ya kimakanika: kila mkato ukiwa mdogo, ute unavutwa kidogo kabla haujakatika, na retina haivutwi pamoja nao.

Mkono wa daktari unahisi retina akiigusa?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani walipima kani zinazotumika wakati wa kazi ya retina kwenye macho ya nguruwe waliokufa. Robo tatu ya kani hizo zilikuwa chini ya milinewtoni 7.5, ambayo ni chini ya uzito wa gramu moja, na madaktari waliweza kuhisi kwa vidole takriban asilimia 19 tu ya matukio ya kiwango hicho. Kwa matukio yaliyobaki walitegemea macho, wakitazama retina inavyojikunja na mwanga unavyobadilika juu yake. Ongeza kwamba mtetemo wa kawaida wa mkono wa binadamu ni takriban mikroni 100, wakati utando unaobanduliwa ni mikroni chache.

Ndiyo sababu kuna utafiti wa koleo zenye vipima kani, na wa roboti. Mwaka 2016 huko Oxford, Uingereza, roboti ilitumika kwa mara ya kwanza ndani ya jicho la mgonjwa. Ndiyo sababu pia unaombwa usikohoe wala kuongea wakati wa upasuaji ukiwa na ganzi tu. Ukihisi kikohozi, sema kabla, daktari atatoa vifaa kwanza.

Kwa nini nimewekewa gesi na jirani yangu mafuta?

Watu wengi hudhani gesi inaisukuma retina kwa nguvu mpaka igande. Kazi yake kubwa ni nyingine. Mpaka kati ya gesi na maji una mvutano mkubwa wa uso, kwa hiyo gesi haiwezi kupenya kwenye mchaniko, na inauziba maji yasipite. Maji yakikatika, zile seli nyeusi hunyonya yaliyobaki na retina hurudi mahali pake. Leza au kugandisha kwa baridi hutengeneza kovu la kuishika.

Gesi ya SF6 hukaa takriban wiki 2, na C3F8 takriban wiki 8, kisha huisha yenyewe. Mafuta ya silikoni hayaishi. Lazima yatolewe kwa upasuaji mwingine, mara nyingi baada ya miezi 3 hadi 6, yasije yakavunjika matone madogo na kupandisha presha ya jicho. Mvutano wake wa uso ni mdogo kuliko wa gesi na ni mepesi kidogo tu kuliko maji, hivyo hayasukumi juu sana. Huchaguliwa kwa macho yenye makovu mengi, kwa mtoto asiyeweza kulala atakavyoelekezwa, na kwa mtu anayelazimika kusafiri.

Lazima nilale kifudifudi kweli?

Gesi hupanda juu. Kama tundu liko katikati nyuma ya jicho, "juu" inapatikana pale tu uso unapoangalia chini. Mchaniko ukiwa kwingine, utaelekezwa mlalo mwingine. Usiige mlalo wa mgonjwa wa kitanda cha pili. Na usilale chali jicho likiwa na gesi, kwa sababu itaegemea lenzi na kuiharibu, na inaweza kuziba njia ya maji na kupandisha presha.

Nimefanyiwa upasuaji Moshi, nimewekewa gesi. Naweza kurudi nyumbani Arusha?

Usiondoke mpaka daktari aliyekuwekea gesi akuruhusu. Kwa wagonjwa wa kanda yetu naliona hili kuwa swali la muhimu kuliko yote, kwa sababu tunaishi kwenye miteremko.

Gesi iliyofungiwa hutanuka presha ya hewa ya nje inapopungua, na presha hupungua kadiri unavyopanda. Moshi mjini ni takriban mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari. Arusha mjini ni takriban 1,400. Kwa kupanda huko, gesi hutanuka karibu asilimia 7. Jicho lenye mililita 3 za gesi linajikuta na nyongeza ya mililita 0.2. Inaonekana kidogo, lakini sindano ya dawa ya ndani ya jicho ni mililita 0.05, na hiyo peke yake hupandisha presha ya jicho kwa dakika kadhaa. Ukuta mweupe ni mkakamavu, hautanuki kuipokea gesi. Kinachopanda ni presha, na ikizidi nguvu ya damu inayoilisha retina, damu husimama. Jicho huuma, huona giza, na likikaa hivyo linaweza kupofuka hata kama upasuaji ulikwenda vizuri.

Angalia safari nyingine za kwetu. Kutoka Moshi hadi lango la Marangu, takriban mita 1,870, gesi hutanuka karibu asilimia 13. Hadi ukingo wa Ngorongoro, takriban mita 2,300, karibu asilimia 20. Aliyepasuliwa Dar es Salaam akapanda basi kuja Arusha anabeba karibu asilimia 18 mpaka anafika. Ndege ni mbaya zaidi: hewa ndani yake huwekwa kwenye kiwango cha mita 1,800 hadi 2,400, na inafika huko kwa dakika chache, wakati gari hulipa jicho nafasi ya kumwaga maji yake kidogo kidogo.

Kuna mtego mwingine. Ukishuka Dar na kurudi, gesi husinyaa ukiwa chini, jicho hujaza maji nafasi iliyobaki, kisha unapopanda tena hakuna pa kutanukia.

Kwa hiyo, kama unatoka Kibosho, Machame, Marangu, Rombo, Monduli au Karatu, mwambie daktari kabla ya upasuaji, si baada. Anaweza kupunguza kiasi cha gesi, kuchagua aina inayoisha mapema, au kutumia mafuta, ambayo hayatanuki. Tafuta ndugu wa kukaa naye mjini karibu na hospitali. Utaona mwenyewe mstari wa gesi ukishuka siku hadi siku mpaka ubaki mviringo mdogo, kisha uishe. Ukisafiri kwa ruhusa na jicho likaanza kuuma njiani, simama, shuka chini kidogo kama inawezekana, na utafute hospitali.

Pia waambie wataalamu wa usingizi kwamba una gesi jichoni kama utahitaji upasuaji wowote mwingine. Gesi ya usingizi ya nitrasi oksaidi huingia kwenye jicho na kuitanua haraka. Ukipewa mkanda wa mkononi wenye onyo hilo, usiuvue.

Mimi ni mpagazi wa mlimani. Kupanda Kilimanjaro kunabandua retina?

Retina yenye afya haibanduki kwa kupanda. Kimo kikubwa kinaweza kuleta madoa ya damu kwenye retina, ambayo mara nyingi hupotea baada ya kushuka. Ukiona ukungu au doa katikati ukiwa juu, shuka, na upimwe. Mwenye gesi jichoni asipande kabisa.

Tulifanya kila kitu sawa, retina imebanduka tena. Kwa nini?

Sababu kubwa ni makovu. Retina inapochanika, seli za ile safu nyeusi humwagika ndani ya jicho kupitia mchaniko, hutua juu na chini ya retina, na hubadilika kuwa seli zenye uwezo wa kujikaza. Hutengeneza utando, utando unasinyaa, na retina hukunjamana na kukakamaa. Hutokea kwa takriban wagonjwa 5 hadi 10 kati ya 100, na zaidi kwa waliochelewa, wenye michaniko mikubwa au waliovuja damu ndani ya jicho. Kwa kawaida huonekana wiki chache hadi miezi miwili au mitatu baada ya upasuaji. Haimaanishi mgonjwa alilala vibaya, na naomba ndugu wasimlaumu. Upasuaji wa pili unawezekana, na mara nyingi hapo ndipo mafuta hutumika.

Baada ya leza ya kuziba mchaniko, mshiko unakuwa imara lini?

Huanza kuongezeka ndani ya saa 24 na hukomaa kwa takriban wiki 2. Kugandisha kwa baridi huchelewa zaidi, na siku za kwanza mshiko hulegea kidogo. Fuata mapumziko uliyopewa.

Mtoto amepigwa na jiwe jichoni wiki iliyopita, anasema anaona vizuri. Tumlete?

Mleteni. Pigo la mbele hulibana jicho kutoka mbele kwenda nyuma, na kwa kuwa limejaa maji yasiyobanika, hulazimika kutanuka kwenye kiuno chake. Hapo ndipo ute umeshika retina kwa nguvu kuliko kwingine kote, na retina huweza kung'oka kwenye ukingo. Kwa mtoto ute bado ni mzito na huizuia retina isibanduke haraka, kwa hiyo dalili zinaweza kuchelewa wiki au miezi. Jicho likionekana limetoboka, msilibonyeze wala kulisafisha. Lifunikeni kwa kitu kigumu kisicholigusa, na mwende moja kwa moja hospitali.

Kuna matone au dawa za mitishamba za kuirudisha retina?

Hakuna. Tone halibadilishi mvuto uliopo nyuma ya jicho, na baadhi ya dawa za kienyeji huunguza kioo cha mbele, kisha daktari hawezi kuona ndani.

Sisi ni wanafunzi wa uhandisi. Tunaweza kuchunguza haya hapa hapa?

Mnaweza. Macho ya mbuzi au ng'ombe kutoka machinjioni yanafaa kujifunzia. Yawekeni kwenye maji ya chumvi yenye baridi na mpime ndani ya saa chache, kwa sababu mshiko wa retina na ukakamavu wake hubadilika haraka baada ya kifo. Andikeni mmepima kwa njia gani: kuvuta kipande na kukibonyeza kwa ncha ndogo hutoa namba tofauti sana kwa retina ile ile. Someni pia utafiti wa Leipzig, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2006, ulioonyesha kwamba seli za Müller zinazoitegemeza retina ni laini kuliko neva zenyewe. Baadaye ilionekana kwamba retina ikijeruhiwa seli hizo hukakamaa. Kwa mhandisi, hapo kuna maswali ya miaka mingi, na hayahitaji kusubiri maabara ya Ulaya.

Nikipata dalili niende wapi, na niseme nini?

Hospitali ya mkoa, Mawenzi kwa Moshi au Mount Meru kwa Arusha, ni mahali pa kuanzia kwa wengi. KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini na ina idara ya macho inayofundisha madaktari bingwa. Ombeni rufaa siku hiyo hiyo na mueleze kwamba mnahofia retina. Usiendeshe gari mwenyewe, utawekewa matone ya kutanua mboni na utaona ukungu kwa saa kadhaa.

Kabla ya kutoka nyumbani, fumba jicho moja kwa zamu na uandike: kivuli kilianza siku gani na saa ngapi, kilianzia upande upi, na kama bado unaweza kusoma maandishi kwa jicho hilo. Kivuli kinachotokea chini humwambia daktari kwamba retina imebanduka juu, na kinachotokea upande wa pua kwamba imebanduka upande wa sikio. Kwa maelezo hayo anajua aanze kutafuta mchaniko wapi, na kama upasuaji ufanyike leo au unaweza kusubiri kesho.